Fundo Ambalo Verlin Hemlock Hakulifunga

Mwamuzi aliinua ile fimbo mpaka usawa wa macho yake, mvua ikimchuruzika puani, na Verlin Hemlock, aliyekuwa amesimama nyuma ya benchi na taulo begani, hakuwa na wasiwasi hata chembe. Awe na wasiwasi wa nini? Wavu wa fimbo ile aliusuka kwa mikono yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezisuka fimbo zote za timu ya wanaume ya lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, ya Chuo cha Alder Falls, na katika miaka yote hiyo hakuna mwamuzi aliyeinua kazi yake akaishusha huku akitikisa kichwa.

Huyu akatikisa kichwa.

Kipimo chenyewe hakina siri. Mpira unawekwa ndani ya wavu, fimbo inalazwa sawasawa hewani, mwamuzi anachungulia kwa ubavuni. Mgongo wa mpira ukionekana juu ya ukingo wa plastiki, hakuna neno, bao ni bao. Ukizama chini ya ukingo, maana yake wavu umekuwa mfuko wa kufichia mpira usiporwe, na huo ni wizi: bao linafutwa, mwenye fimbo anakaa nje dakika tatu. Sasa mpira ulikuwa umezama kama yai kwenye kiota. Hata watu wa safu ya kumi jukwaani waliuona.

"Haiwezekani!" Verlin alipiga kelele. "Pima tena, bwana!"

"Nimepima mara mbili, mzee," mwamuzi alisema. Fimbo ikapelekwa mezani kwa waandika mabao, kama mtuhumiwa.

Hiyo ilikuwa nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, Jumamosi ya mwisho wa Mei, wikendi ambayo watu wa lakrosi hawaoani wala hawazikani kama wanaweza kusubiri. Alder Falls walikuwa wanaongoza kumi kwa nane. Lile bao lingekuwa la kumi na moja. Badala yake mfungaji wao bora, Tayson Redeye, jezi namba nne, akaenda kukaa nje, na katika dakika zile tatu wapinzani wakafunga mawili. Kumi kwa kumi. Ilibidi waende muda wa nyongeza, na kama kipa Declan Mooney asingezuia mpira mmoja kwa koo lake, ndiyo, kwa koo, safari ingeishia pale pale. Walishinda kwa bao moja, wakaingia fainali, na hakuna aliyeruka wala kuimba. Wachezaji walikuwa wanamtazama Verlin kwa pembe za macho.

Tayson ni mtoto wa dada yake Verlin. Kwa Waseneka, kabila lao, wenyeji wa asili wa nchi ile, mtoto anafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba si mgeni wa sikukuu. Mjomba ndiye aliyemtengenezea Tayson fimbo ya kwanza kabla hajaota meno. Na Tayson, kati ya vijana arobaini na nne wa timu ile, ndiye peke yake anayechezea wavu wa ngozi. Wengine wote wana nyavu za nailoni zinazotoka kiwandani zimeshakatwa. Yeye ana kanda nne za ngozi zilizoshuka kutoka juu hadi chini, na uzi umepita katikati yake kama mshono wa kikapu. Ngozi inataka kubembelezwa. Ikinyeshewa inanyooka, ikikauka inajikunja, na kila asubuhi lazima mtu aiguse aijue imeamkaje. Mtu huyo alikuwa Verlin. Vijana walimwita Mzee Ngozi, na alilipenda jina hilo ingawa alijifanya halipendi.

Mchezo ulipoisha akaenda mezani kuchukua fimbo. Akaigeuza. Akatazama chini kabisa ya wavu, pale kanda zinapopita kwenye matundu ya plastiki na kufungwa.

Verlin hufunga fundo dogo, bapa, ndani ya tundu, halafu anakata mkia wa ngozi mshazari. Huwezi kuliona fundo lake usipojua pa kutazama. Hapa kulikuwa na mafundo mawili makubwa ya nje, yenye masikio mawili mawili kila moja.

Fundo la viatu.

Alilisoma mara tatu kama mtu anayesoma barua ya matusi aliyoandikiwa. Mtu alikuwa amelegeza kanda mbili za katikati asubuhi, zikiwa kavu, akiona zimelegea kidogo tu, tena vizuri. Hilo ni kosa la mtu wa nailoni. Nailoni ukiilegeza kiasi cha kucha, inabaki kucha. Ngozi ukiilegeza kiasi cha kucha halafu ikanyeshewa saa mbili, inakuwa kidole kizima. Mtu yeyote aliyekulia kwenye ngozi angejua. Mtu yeyote aliyekulia kwenye ngozi asingeigusa fimbo ya mwenzake bila kuuliza!

Alipofika kwenye njia ya chini ya jukwaa, fimbo mkononi, akamkuta Kocha Gordon Pruitt amezungukwa na maikrofoni. Verlin alisimama nyuma ya watu. Alisikia kila neno.

"Ni tatizo la vifaa," Kocha Pruitt alikuwa anasema, sauti ya upole kabisa. "Tuna mzee anayesuka kwa njia za zamani. Tunamheshimu sana. Lakini mvua haiheshimu mambo ya kale, na leo nusura itugharimu msimu mzima. Tumeshalishughulikia."

Waandishi wakacheka kidogo. Verlin alihisi masikio yanamwaka moto.

Alingoja. Ana subira ya aina fulani. Alikuwa fundi wa vyuma huko Buffalo kwa miaka kumi na minne, akitembea juu ya mihimili ambayo upana wake ni wa kiatu, na kule mtu asiye na subira anashuka haraka kuliko alivyopanda. Yeye mwenyewe alishuka mara moja, ghorofa ya tatu, na tangu hapo goti lake la kushoto lina skrubu sita. Ndipo kocha wa zamani wa Alder Falls, aliyekwisha fariki, alipomwambia, "Njoo unisukie fimbo, Hemlock, huko hakuna ghorofa." Akaja. Basi alingoja maikrofoni ziondoke, akangoja Pruitt afike kwenye basi la timu, ambapo Kip Pruitt alikuwa anapakia mabegi.

Kip ni mtoto wa kocha. Ana miaka ishirini na minne, ndiye msaidizi wa baba yake upande wa washambuliaji, na alipoiona ile fimbo mkononi mwa Verlin alianza kutazama viatu vyake mwenyewe.

"Viatu vyako umevifunga vizuri sana," Verlin alisema.

Kip akainamia begi jingine.

"Nakuuliza, Kip. Nani kalegeza hii?"

"Tayson alilalamika mpira unatoka mapema. Wewe ulikuwa unakunywa kahawa. Nikasema nisikusumbue... nililegeza kidogo tu, Mzee Ngozi. Kidogo hivi."

"Usiniite Mzee Ngozi." Verlin akamgeukia baba mtu. "Umesikia, Kocha? Sasa twende tukawarudishe wale watu wa maikrofoni."

Kocha Pruitt alikuwa anapangusa miwani yake. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomfanya Verlin ashtuke.

"Ulikuwa unajua," Verlin alisema.

"Verlin, huu si wakati wake."

"Ulijua kabla ya kusema na wale watu, au baada?"

"Fainali ni keshokutwa. Vijana wakianza kumtilia shaka kocha wao wa mashambulizi..."

"Kabla, au baada?"

Pruitt akavaa miwani. "Kabla," alisema. "Kip aliniambia uwanjani. Wewe una miaka kumi na tisa hapa, jina lako linaweza kubeba jambo dogo kama hili. Yeye ndiyo kwanza anaanza."

Basi zima lilisikia alichojibu Verlin, pamoja na dereva, pamoja na walinzi wa geti la pili, na mengi ya aliyojibu hayaandikiki. Aliyaanza kwa Kiingereza, akamalizia kwa lugha ya bibi yake, ambayo watu husema haina matusi. Siku hiyo alipata ya kutosha.

Jumapili asubuhi ujumbe ukaja mlangoni mwa chumba chake cha hoteli, kupitia kwa Declan Mooney, kipa, ambaye shingo yake ilikuwa na alama ya bluu kubwa kama chungwa.

"Mimi nimetumwa tu, usinipige," Declan alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kocha anasema kesho Tayson atacheza na fimbo ya nailoni. Na wewe upumzike. Ukae jukwaani, siyo benchi. Kamera zitakutafuta."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi."

"Hakuna anayesema hivyo, mzee."

"Nchi nzima imesikia hivyo, Declan! Babu yangu amesuka fimbo miaka hamsini na mbili. Mimi arobaini na tisa. Leo mtu akiwa Arizona huko, akitazama mpira sebuleni, anajua jambo moja tu kuhusu jina la Hemlock: fimbo zao zinaiba."

Declan alimpa kipande cha mkate wa mdalasini alichokuwa nacho mfukoni, akaondoka.

Arlette, dada mkubwa wa Verlin, mama yake Tayson, alikuwa amefika alfajiri kutoka kwao Cattaraugus kwa gari, na alikuwa amefungua buti kwenye maegesho ya hoteli kama mtu anayefungua mgahawa. Sufuria ya supu ya mahindi meupe na maharage mekundu na nyama ya nguruwe ya chumvi, mikate ya kukaanga ndani ya taulo, viti vitatu vya kukunja. Verlin alikaa, akapewa bakuli, akalirudisha.

"Anakataa supu," Arlette alisema, akiwaambia magari. "Basi ni kweli amekasirika."

Ndipo Tayson akaja, suruali ya mazoezi na ndala, fimbo mkononi, na mfuko wa kanda mpya za ngozi.

"Mjomba, nimemwambia Kocha nachezea hii hii au sichezi. Kakubali. Kasema ikipimwa tena ikashindwa, lawama zangu. Nisukie upya."

Verlin aliitazama fimbo. Vidole vyake vilijikunja vyenyewe, kwa mazoea. Halafu akaweka mikono chini ya mapaja yake, akaikalia.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi kivipi?"

"Unaniona nilivyo."

Tayson alielewa, na uso ukamshuka. Katika ukoo wao mchezo huu ulikuwa dawa kabla haujawa mchezo. Huchezwa kwa ajili ya mgonjwa, ili moyo wake uchangamke. Kwa hiyo mtu mwenye hasira hagusi fimbo ya mwingine. Hasuki, hakati, hakazi hata uzi mmoja. Mzee Elwood, babu wa Verlin na Arlette, aliwahi kufunga karakana siku kumi na moja kwa sababu jirani alimpiga mbwa wake risasi, na wateja kutoka hata Kanada wakakaa kibarazani wakingoja mzee apoe. Hakumalizia hata fimbo iliyobakiza fundo moja. Alikuwa anapita karibu nayo, anaitazama, anatukana, anatoka.

"Basi jifanye umepoa," Tayson alisema.

"Nijifanye kwa nani? Kwa ngozi?"

"Mjomba, fainali ni kesho saa saba mchana!"

"Najua saa ya fainali. Ningekuwa naweza kuikunja hii hasira nikaiweka mfukoni ningefanya hivyo. Haikunjiki. Nikishika hiyo fimbo sasa hivi nitakusukia ubaya, na wewe ndiye utakayeubeba."

Arlette akafunika sufuria. "Mimi fimbo ya mwanamume siigusi, iwe ya mti iwe ya plastiki," alisema. "Lakini mdomo ninao. Tayson, una mikono?"

"Ninayo, Mama."

"Verlin, una mdomo?"

"Unaujua."

"Haya. Mwenye mikono akae hapa, mwenye mdomo akae pale. Na wewe, mdogo wangu, ukianza kumtaja Kocha, unanyanyuka unazunguka maegesho mpaka upumue vizuri. Sitaki kusikia jina hilo karibu na ngozi."

Basi wakaanza. Tayson alikuwa amefunga mabao sitini na moja msimu ule na hakuwa amewahi kufunga fundo hata moja la wavu wake. Mambo mengine ukiyafikiria yanachekesha. Alizikata zile kanda za zamani, akatoa mafundo ya viatu akayatupa kwenye pipa, akachovya kanda mpya katika bakuli la maji ya uvuguvugu.

"Zisilowe sana. Ziwe kama ulimi," Verlin alisema. "Pitisha ya kwanza. Siyo hapo. Tundu la juu. La juu, Tayson! Kwani juu ni wapi kwenu?"

"Kwetu ni kwenu, Mjomba."

"Vuta. Usivute kama unamfufua mtu. Vuta kama unavuta soksi ya mtoto."

Saa ya kwanza alisuka, akafumua. Akasuka tena, akafumua. Uzi wa nailoni ulimkata kidole cha shahada, akaufunga kwa kipande cha taulo la mikate. Verlin alinyanyuka mara nne kwenda kuzunguka maegesho, akichechemea, mikono kwapani, akibishana na hewa. Mara moja alisimama mbele ya basi la timu na kulitazama kwa muda mrefu sana hivi kwamba dereva aliteremka kuangalia matairi.

Aliporudi mara ya nne akamkuta Kip Pruitt amesimama kando ya buti, kofia mkononi. Arlette alikuwa hajamkaribisha kiti, na huyo ni mwanamke anayewakaribisha viti hata watu wa kodi.

"Nimekuja kuomba radhi, Bwana Hemlock," Kip alisema. "Nilikosea. Niligusa kisichokuwa changu. Nimekosa usingizi."

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Radhi nzuri. Umeileta pasipo mahali pake." Verlin alisema taratibu, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hapa tuko wanne na sufuria. Baba yako alinisema mbele ya maikrofoni nane, nilizihesabu. Ipeleke huko."

"Baba hataki. Kasema tukimaliza fainali..."

"Kip. Usiniletee nusu ya kitu. Nenda."

Kip akaenda. Tayson hakuinua kichwa, alikuwa anahesabu matundu kimoyomoyo. Saa nane mchana alifunga la mwisho: fundo dogo, bapa, ndani ya tundu. Halikuwa zuri. Lilikuwa limekaa upande kidogo kama jino la mtoto. Verlin aliinama, mikono nyuma ya mgongo, akalitazama mpaka shingo ikamuuma.

"Ikinyesha," alisema, "mapumziko usinywe maji kwanza. Kaza kanda mbili za katikati kwanza. Kiasi gani?"

"Unene wa kucha ya kidole gumba."

"Ya nani?"

"Yangu, siyo ya Mooney."

"Haya. Kale supu."

Jumatatu, siku ya kuwakumbuka askari, palikuwa na bendera, na bendi, na watu elfu thelathini, na Verlin Hemlock katika safu ya kumi na nne, kiti namba tatu, akiwa amevaa shati la kawaida. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuutazama mchezo akiwa ameketi. Hakujua pa kuweka miguu. Mtu mmoja nyuma yake, mwenye kofia ya wapinzani, alimtambua.

"We si ndo yule wa ngozi? Leo wamekuficha huku?"

"Geuka utazame mbele," Arlette alimwambia yule mtu.

"Natazama mbele, mama, ila yeye ndo yuko mbele yangu!"

Robo ya pili ikaanza kunyesha. Siyo mvua kubwa, ile nyepesi isiyoonekana ila inalowesha kila kitu, ambayo ngozi inainywa kama chai. Verlin aliacha kutazama mpira. Alikuwa anatazama kichwa cha fimbo moja tu, na aliona, kutoka mbali kote kule, mpira ukichelewa kutoka. Tayson alipiga mara mbili, zote zikaenda chini. Wavu ulikuwa unashuka.

Mapumziko yakaja. Timu zikakimbilia ndani. Verlin alisimama, goti likalia. Angeweza kushuka ngazi, kulikuwa na mlango pale chini na mlinzi anamfahamu. Arlette alimshika mkono.

"Ulishasema," alisema. "Ama kasikia, ama hakusikia."

"Na kama kanywa maji kwanza?"

"Basi atakuwa amekunywa maji. Kaa."

Dakika ishirini zile Verlin alizitumia kuwachukia watu wawili, baba na mwana, kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka. Angekuwa chini pale, na koleo lake na mkasi wake, jambo hili lingekuwa la nusu dakika! Walimnyang'anya nusu dakika yake.

Robo ya nne, nane kwa nane, zimebaki dakika mbili na nusu. Tayson akapokea mpira nyuma ya goli, akajifanya anakwenda kushoto, beki akaenda kushoto, yeye akatokea kulia na kupiga kwa chini, mpira ukadunda mbele ya kipa na kupita juu ya bega lake. Tisa kwa nane. Uwanja ukalipuka. Na kabla kelele hazijashuka, mwamuzi, yule yule wa Jumamosi, akanyoosha mkono kwa Tayson.

"Nipe fimbo."

Kelele zilikufa kwa vipande, upande huu kwanza, kisha ule. Yule wa kofia nyuma yake Verlin akasema, "Aaaah, tunaanza!" Mwamuzi akaweka mpira ndani ya wavu, akautikisa, akaulaza sawasawa. Akachungulia. Akageuza upande wa pili, akachungulia tena. Akapangusa macho kwa kiwiko na kuchungulia mara ya tatu. Kwenye skrini kubwa kamera ilisogea karibu mpaka watu wote elfu thelathini wakaona kile alichokuwa anaona: mgongo wa mpira juu ya ukingo, umezidi kwa unene wa kucha.

Mwamuzi akamrudishia Tayson fimbo, akaonyesha katikati ya uwanja. Bao.

Arlette alikuwa analia na kumpiga Verlin mgongoni. Verlin alikuwa wima, ngumi zimefungwa, na kitu alichokitegemea hakikuja. Alidhani hasira ingeanguka kama koti. Ilibaki pale pale, imemkaa vizuri kuliko jana.

Hawakufunga tena wala hawakufungwa. Alder Falls wakawa mabingwa. Kofia zikaruka, kikombe kikaletwa, na baada ya muda Declan Mooney akaja akipanda ngazi mbili mbili kusema Kocha anamtaka Verlin uwanjani, kwenye picha.

Verlin alishuka. Alishuka kwa sababu alitaka kusikia.

"Verlin!" Pruitt alimkumbatia, amelowa, anacheka. "Njoo, simama hapa mbele. Hii ni yako pia."

"Maikrofoni zile pale," Verlin alisema.

"Tumeshinda, bwana!"

"Nyinyi mmeshinda. Mimi bado nina kesi. Kaseme ulipolisemea."

Pruitt akamtazama, akatazama kikombe, akaenda kwenye maikrofoni. Alisema kwamba timu ni familia. Alisema anamshukuru kila mtu aliyebeba, aliyefua, aliyesuka. Alisema Jumamosi kulikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu vifaa na familia imelimaliza. Nyuma yake Kip alifungua mdomo. Baba yake, bila kugeuka, aliweka mkono begani mwake, na mdomo ukafungwa.

Halafu wakamwita Tayson, mfungaji wa bao la ushindi, na mwandishi mmoja akauliza kama ni kweli amebadilisha fimbo.

"Ni ile ile," Tayson alisema. "Wavu ni mpya, nimeusuka mwenyewe jana, kwa maelekezo ya mjomba wangu Verlin Hemlock. Mafundo ya Jumamosi hayakuwa yake. Wenye nayo wako hapa, waulizeni."

Hakuna aliyeulizwa, maana Kocha Pruitt alisema "Picha, picha, vijana!" na bendi ikaanza. Verlin hakuingia kwenye picha. Alivua kadi ya timu shingoni, akamkabidhi Declan, akaondoka na dada yake, na njia nzima ya kwenda magharibi, mwendo wa saa sita barabarani, alikuwa anagombana na Tayson kwa simu.

"Nani alikutuma?"

"Nimekutetea, Mjomba!"

"Sikutaka kutetewa! Nilitaka aliyesema aseme!"

Ilikuwa Agosti Kocha Pruitt alipopiga simu. Verlin alikuwa nyuma ya nyumba anamenya mahindi.

"Fimbo arobaini na nne zinakungoja," Pruitt alisema kwa uchangamfu. "Lini unakuja?"

"Umeshasema?"

"Verlin, baada ya yale ya Tayson, kila mtu anajua."

"Sikuulizi nani anajua. Umeshasema?"

Kwenye simu ikasikika mashine ya kukata nyasi upande wa pili.

"Kumbe bado," Verlin alisema, akakata.

Siku mbili baadaye namba nyingine ikaita, na ilikuwa Kip. Alizungumza haraka haraka kama mtu anayeogopa mlango kufunguliwa. Alikuwa amekwenda kwenye gazeti la mjini. Habari ingetoka Ijumaa. Alikuwa amewaambia ni yeye aliyelegeza kanda, na kwamba baba yake aliambiwa kabla ya kuongea na waandishi. Baba yake alikuwa bado hajui.

Verlin alisikiliza mpaka mwisho. Alibandua punje za mahindi zilizomganda kiganjani, moja moja.

"Umeandikisha jina lako, au wameficha?"

"Jina langu lote."

"Vizuri," Verlin alisema. "Sasa wewe sina neno nawe. Ukipita huku utapewa kiti. Baba yako bado."